Mlango wa Uani wa Saumu

"Mgeni huja barazani, jirani huja uani." Ndivyo bibi yenu alivyomjibu fundi asubuhi hii, pale fundi alipotaka kuuziba mlango wa nyuma kwa matofali ili jiko lipate nafasi. Nyinyi mkadhani ni maneno ya wahenga. Wahenga gani? Maneno hayo ni ya bibi yenu mwenyewe, yalimtoka safarini, nami nilikuwapo. Haya, wekeni simu chini niwaeleze yalikotoka.

Shangazi yenu Saumu, kama mjuavyo, ni muuguzi kule Ayalandi. Mwanzoni aliishi mjini, ghorofani, na mumewe Makame akiendesha lori. Alipopata mimba ya kwanza wakahamia kijiji kimoja cha magharibi, karibu na bahari, ambacho jina lake mpaka leo ulimi wangu hauliwezi. Tukaitwa mimi na bibi yenu Mwanaheri, tukamtunze mzazi mpaka arobaini itimie.

Kabla hajajifungua, Makame alitutembeza. Wajukuu zangu, nchi ile Mungu kaipamba! Vijiji vidogo vya barabara moja, daraja la mawe na mto chini yake, nyumba zimeshikana bega kwa bega, kila mlango na rangi yake: huu wa manjano, huu wa samawati, ule mwekundu kama pilipili. Madirishani wamening'iniza maua. Na kusalimu wanajua! Dereva usiyemfahamu anakuinulia kidole kwenye usukani, na mwenye duka anakusimulia habari za mvua utadhani mvua ni shemeji yake. Kila kijiji mimi nilitaka tushuke. Bibi yenu naye alipenda, ila moyoni alikuwa na lake.

"Kibwana," akaniambia, "hawa watu wanasalimu vizuri. Je, majumbani mwa watu wanaingia?"

Saumu akajifungua salama, mtoto wa kiume. Sasa, hapa Pangani mnajua inavyokuwa mzazi akirudi nyumbani. Hujamaliza kutandika kitanda, wanawake washajaa: huyu na uji, huyu na kuku, mwingine anaosha vyombo bila kuulizwa. Bibi yenu alijiandaa kwa hayo. Kila asubuhi alifagia kizingiti cha mbele, akapika chai ya tangawizi birika zima, akajifunga kanga mpya, akakaa sebuleni kungoja watu. Jikoni kulikuwa na mlango mwingine uliokuwa ukipitisha baridi. Huo akaukomea, akauziba chini kwa blanketi, akashusha pazia, kisha akausukumia kiti kikubwa. Mzazi asipigwe na upepo! Nani angebishana naye? Mimi najipenda.

Siku zikapita na hodi hatukuisikia. Njiani watu wanatupungia mkono, wanatuuliza hali ya mtoto, kisha wanakwenda zao. Makame yuko safarini wiki nzima. Chai inapoa, inamwagwa, inapikwa nyingine.

"Rangi za milango ndizo zinazotabasamu hapa," bibi yenu akasema. "Watu wenyewe hamna."

Mchana mmoja tukamkuta Saumu ananyonyesha huku machozi yanamtiririka. "Mama," akasema, "ukiondoka wewe, mimi nitabaki na nani?"

Neno lile lilimkata bibi yenu maini. Papo hapo akaamua: arobaini ikitimia, Saumu na mtoto wanarudi Pangani pamoja nasi. Kazi aiache. Nikamwuliza, na mume je? Akanijibu kwamba Makame ni mtu mzima, ataamua mwenyewe. Saumu hakukataa, na hilo ndilo lililonitisha, maana nilijua anavyoipenda kazi yake na anavyompenda mumewe. Niliona nyumba ya mwanangu inavunjika mbele ya macho yangu, wala hapakuwa na mtu aliyegombana. Begi likashushwa kutoka juu ya kabati, nguo za mtoto zikaanza kukunjwa.

Basi siku moja, uji uko motoni, gesi ikakatika. Mitungi yao hukaa nje, nyuma ya nyumba. Nikasogeza kile kiti, nikatoa blanketi, nikavuta komeo, na bibi yenu nyuma yangu ananigombeza nifanye haraka baridi isiingie. Nikafungua mlango, nikabaki mdomo wazi.

Chini ya upenu palikuwa pamejaa vitu. Kapu la mayai, chupa za jamu, viazi, gunia la ule udongo mkavu wanaoukata kinamasini na kuuchoma kama kuni. Mkate umefungwa kwa kitambaa, umeshakuwa mgumu kama tofali. Na ndani ya mfuko wa plastiki, ili mvua isiguse, kofia ndogo ya sufu na soksi zake. Mbele ya vitu hivyo amesimama mama mzee, mjane wa nyumba ya pili aitwaye Noreen, ameshika sufuria. Alishtuka kuliko mimi.

"Nisameheni," akasema. "Nilitaka kuiacha supu tu, niondoke."

Kwa Kiingereza changu cha bandarini nikamwuliza, "Mama, hivi vyote umeleta wewe?"

"Si mimi peke yangu, ni sisi sote. Kila siku tunakuja, tunajaribu mlango, tunakuta mmeukomea na pazia mmeshusha. Tukasema labda kwao mzazi hatembelewi. Tukawa tunaacha vitu polepole, mtoto asiamke."

Nikamtafsiria bibi yenu, aliyesimama na mwiko mkononi. Akahamaki. "Mwulize kwa nini hawakupiga hodi mbele! Mimi si nakaa pale kila siku nimejipamba kama bibi harusi?"

Noreen akatutazama kwa mshangao. "Mlango wa mbele? Huo ni wa padri na daktari, na wa kutolea jeneza. Nikipita mbele mimi, kijiji kizima kitauliza nani kafa. Jirani hupita nyuma, anafungua, anaita, anaingia."

Nilipomfikishia maneno hayo, bibi yenu alishusha mwiko. Akainama, akaitoa ile kofia kwenye mfuko wa plastiki, akaigeuzageuza.

"Kibwana," akasema taratibu, "mimi kule Pangani kwa Mama Mtumwa huwa napita wapi?"

"Uani."

"Na yeye kwangu?"

"Uani. Tangu nikuoe sijamwona hata siku moja kupiga hodi barazani."

"Ee Mola wangu! Nami nimewazibia kwa blanketi!"

Akaketi palepale kizingitini, akalia kwa sauti, kofia kaikumbatia kifuani. Noreen hakujua Kiswahili hata neno moja. Akaweka sufuria chini, akakaa kando yake kwenye baridi ile, akamshika mkono. Kisha bibi yenu akajifuta kwa upindo wa kanga, akamwinua mwenzake, akampeleka moja kwa moja mpaka chumbani kwa mzazi, mahali ambapo mimi baba mtu nilikuwa naomba ruhusa, akampakatisha mtoto.

Tangu hapo mlango ule haukukomewa tena mchana. Jikoni pakawa hapatoshi. Wanawake wanabishana juu ya chai, hawa wanataka hiliki, wale wanataka maziwa matupu, na hakuna anayemwelewa mwenzake. Saumu akaanza kucheka tena. Asubuhi moja nikaona begi limerudi juu ya kabati. Aliyelirudisha ni yeye mwenyewe, na mama yake alipoliona akazirudisha nguo za mtoto mahali pake.

Siku ya kuondoka nilitangulia garini, nikachoka kungoja, nikarudi kumwita. Nikamkuta anamwonyesha Noreen namna ya kumkanda mtoto kwa mafuta ya nazi, na Noreen anafuata kila kitu kwa makini. Wakakumbatiana, nasi tukatokea uani.

Ndegeni nilijiandaa kwa kilio mpaka Dar es Salaam. Wapi! Anatazama mawingu, macho makavu. Nikashindwa kuvumilia.

"Mwanaheri, humlilii mwanao?"

"Ningemwacha na wageni ningelia," akanijibu. "Mgeni huja barazani, Kibwana, jirani huja uani. Mwanangu nimemwacha na majirani."