Taa za Bwana Famau na Mwezi wa Mfunguo Mosi

Aliyefikiwa na maneno haya na ayasome kwa utulivu hadi mwisho, kisha amfikishie jirani yake, hasa jirani mwenye taa.

Wanasimulia waliotutangulia kwamba katika mji wa Ungamo, ulioko kando ya bahari, aliishi mfanyabiashara aliyeitwa Bwana Famau bin Shee. Alikuwa mtu wa dini na mwenye mkono wazi, na neno lake lilikubaliwa sokoni na mahakamani bila ya kuulizwa mara mbili.

Mama yake Bwana Famau alifariki kwa sababu ya giza. Alitoka baada ya sala ya isha kwenda kumjulia hali jirani mgonjwa, akaikosa ngazi moja katika zile ngazi za mawe zinazoshuka kutoka mji wa juu hadi pwani. Alivunjika nyonga, akalala kitandani siku chache, kisha akarejea kwa Mola wake.

Siku ya maziko, Bwana Famau aliweka nadhiri mbele ya kaburi kwamba maadamu yu hai, hapana mtu atakayezishuka ngazi zile gizani, hata usiku mmoja.

Akanunua karabai, ile taa inayopigwa pampu ikatoa mwanga mweupe kama chokaa, akaitundika juu ya nguzo ndefu penye ngazi. Watu walimshukuru, wakamwombea mama yake rehema. Dua zile zilimtuliza moyo. Akaongeza karabai ya pili, ikaja ya tatu, na kila ilipoongezwa taa ziliongezwa dua, mpaka ufukwe wote wa Ungamo ukawa na nguzo, na nyuma ya kila taa vioo vya kuusukuma mwanga ufike mbali. Mabaharia waliutambua mji ule kabla hawajauona mnara wa msikiti wake.

Kidogo kidogo mbingu ya Ungamo ilififia, wala hapana aliyekumbuka ilianza lini. Mzee Kale, mkulima wa mtama, ambaye maisha yake yote alikuwa akikitazama Kilimia, kile kishada cha nyota, ili ajue majira ya kupanda, alianza kuwauliza watu wa miji mingine. Wanafunzi wa madrasa walihifadhi majina ya nyota kama wanavyohifadhi majina ya wafalme waliokwisha kufa.

Hayo watu waliyavumilia. Lililoleta ugomvi lilikuwa la mwezi.

Miaka miwili mfululizo, jioni ya tarehe ishirini na tisa ya Ramadhani, watu walisimama pwani wakatazama magharibi, wasiuone mwezi. Wakanuia kukamilisha thelathini. Asubuhi yake upepo uliwaletea takbiri kutoka Mkanoni, kijiji kilichoko ng'ambo ya mkono wa bahari, ambacho hakikuwa na taa ila vibatari vya jikoni. Watu wa Mkanoni walikuwa wameuona mwezi, wanasali Idi. Na Ungamo wamefunga siku ambayo kuifunga ni haramu.

Mwaka wa tatu, Ramadhani ilipokuwa inakaribia kwisha, watu walikutana barazani pa msikiti baada ya alasiri.

"Bwana Famau," akaanza Mzee Kale, "sisi hatukuchukii. Lakini umetuwashia taa mpaka jogoo wangu hajui tena awike saa ngapi."

"Jogoo wako, Mzee Kale, hata kabla ya taa zangu alikuwa hajui," akajibu Bwana Famau, na watu wakacheka. "Mwaka juzi palikuwa na mawingu. Mwaka jana vilevile mawingu. Na mawingu nayo nimeyawasha mimi?"

"Kwani Mkanoni wana mbingu yao peke yao?" akauliza mtu aliyeketi nyuma.

Kadhi Mselem alikuwa akisikiliza, ameinamisha kichwa. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu wa uzee, na kwa ajili hiyo katika suala la mwezi hakuwa na tegemeo ila mashahidi.

"Tunakuomba usiku mmoja tu, Bwana Famau," akasema. "Jioni ya ishirini na tisa zizimwe, tuangalie mwezi, kisha uziwashe."

"Sheikh, mama yangu alianguka usiku mmoja tu."

Kila mtu alimkumbuka yule bibi, na wengine walikuwa wamelibeba jeneza lake.

"Nami siwezi kuamuru sadaka ya mtu izimwe kwa dhana," Kadhi akasema. "Wewe una shauri gani?"

"Shauri langu ni hili. Jioni ile nitasimama nanyi pwani, taa zikiwa zinawaka. Ikiwa zinauficha mwezi, basi zitanifichia na mimi. Nikiuona, maneno haya yaishe."

"Na usipouona?"

Bwana Famau hakupenda swali lile, lakini alikuwa mtu wa haki. "Nisipouona, zizimwe, tuangalie tena."

Wakakubaliana hivyo.

Jioni ya ishirini na tisa, kabla hajatoka nyumbani, mkewe Mwana Jokha alimkuta amesimama mbele ya dirisha linaloelekea pwani.

"Unga wa kaimati za Idi nimekwisha kuuchekecha," akamwambia. "Niukande leo au ningoje?"

"Ukande. Mwezi utaonekana."

"Umekwisha kuuona, bwana, hata jua halijatua?"

Bwana Famau alichukua tende mbili za kufungulia, akatoka.

Pwani palikuwa pamejaa watu. Mbingu ilikuwa safi, haina hata kipande cha wingu, na Bwana Famau alipoitazama alijua kwamba mwaka huu hatakuwa na udhuru. Karabai zilikuwa zimekwisha kuwashwa, zinavuma juu ya nguzo zake. Jua likatua, watu wakafungua saumu kwa tende na maji, wakasali magharibi papo hapo mchangani, kisha nyuso zote zikaelekea upande mmoja.

Muda ukapita.

"Nimeuona!" Sauti ilikuwa ya Shebwana, shemeji yake Bwana Famau, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa taa. Alikuwa mtu mwema, wala hapana aliyewahi kumkamata kwa uongo. Akapelekwa mbele ya Kadhi.

"Umeuona wapi?"

"Pale, Sheikh. Kulia kwa nguzo ya mwisho, juu kidogo."

"Pembe zake zimeelekea wapi?"

"Juu."

"Zote mbili?"

"Zote mbili, Sheikh. Moja ingekwenda wapi peke yake?"

Waliokuwa karibu wakacheka, na furaha ikaanza kutambaa ufukweni. Kadhi akainua mkono. "Shahidi mmoja nimempata. Kwa mwezi wa Mfunguo Mosi, unaomaliza saumu, sheria inataka wawili waadilifu. Bwana Famau, nawe umeuona?"

Umati wote ukamgeukia.

Bwana Famau alitazama kulia kwa nguzo ya mwisho. Aliona mng'aro wa vioo vyake, na nyuma yake mbingu iliyochujuka kama tui la pili. Alikodoa macho mpaka yakatoka machozi. Palikuwa na kitu kama uzi wa mwanga, kikienda na kurudi kila alipopepesa, na alitambua kwamba kilikuwa ndani ya jicho lake.

"Shemeji, sema tu," Shebwana akamnong'oneza. "Mbingu nyeupe, siku zimetimia, mwezi lazima upo. Nani atakukanusha?"

Ni kweli kwamba asingekanushwa. Neno moja, na mji mzima ungelipuka kwa takbiri, na kuanzia siku ile hapana ambaye angemwambia tena azime taa. Nadhiri yake ingesalimika. Alilitafuta neno lile mdomoni mwake, akalipata, likiwa jepesi. Lakini mwezi wenyewe hakuwa ameuona.

"Sheikh," akasema, "mimi sikuuona."

Manung'uniko yakasikika kutoka kwa waliokuwa wameanza kukumbatiana. Shebwana akatazama chini.

Bwana Famau hakungoja kukumbushwa ahadi. Akawageukia wawashaji wa taa. "Zifungulieni upepo zizimike. Zote. Fanyeni haraka, mwezi mchanga haukawii kuzama."

Wakakimbilia kwenye nguzo, wakaziteremsha taa kwa kamba, wakafungua upepo wa taa moja baada ya nyingine. Mwanga ukawa mwekundu, ukafa. Mvumo nao ukakatika, na ndipo watu walipotambua kwamba kwa miaka mingi hawakuwa wakisikia mawimbi vizuri.

Kwanza hawakuona lolote. Kisha giza likaanza kulainika machoni mwao. Mbingu ikapata kina. Ikatoka nyota, ikafuatwa na nyingine.

"Ule pale," akasema Mzee Kale, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba. "Chini, kushoto kabisa, umekaribia kugusa minazi ya Mkanoni."

Bwana Famau akauona. Ulikuwa mwembamba kama ukucha uliokatwa, mbali sana na pale alipoelekeza Shebwana.

"Nashuhudia kwamba nimeuona," akasema. Mzee Kale naye akashuhudia, na baada yao mashahidi hawakuwa na hesabu. Kadhi akatangaza kwamba kesho ni Idi, na takbiri zikapanda.

Zilipotulia kidogo, Kadhi akamwita Shebwana. "Na ule wa kwako, bwana, ulikuwa mwezi gani?"

"Sheikh, nadhani niliuona kwa moyo."

"Basi usiku huu wenzako wakila kaimati, wewe uzile kwa moyo."

Watu wakatawanyika kwa vicheko, wakakimbilia majumbani kupeleka habari. Bwana Famau hakucheka nao. Moyo wake ulikuwa penye ngazi, ambazo kwa mara ya kwanza tangu alipoweka nadhiri zilikuwa gizani, na umati wote ule ulikuwa na njia hiyo moja ya kurejea mji wa juu. Karabai iliyozimwa haiwashwi upesi. Sharti ipashwe moto kwanza, kisha ipigwe pampu. Akaingia katika ghala la taa, akatoka na kandili kuukuu ya kushika mkononi, akaenda mbio.

Akasimama katikati ya ngazi, akaiinamisha kandili hata ikawa usawa wa magoti, na kiganja chake kimoja akakiweka juu yake kuikinga na upepo. Watu wakampita wakipanda, wengine wakishuka, wakisema, "Idi njema, Bwana Famau," naye akiitikia bila ya kuinua macho, maana alikuwa akiangalia nyayo zao.

Mwishoni akaja ajuza mmoja akishuka kutoka mji wa juu kwenda kwa bintiye. Alishuka bila ya kuweka mkono ukutani. Alipofika penye kandili akasimama.

"Nani huyu?"

"Ni mimi Famau, mama. Shuka taratibu. Uniwie radhi, leo ile taa imezimwa."

"Naona. Mwanangu, hii iache hapa hapa, iwe ya siku zote."

"Hii ni ndogo, mama. Kesho nitawasha ile kubwa."

"Ile kubwa mimi ya nini? Ilikuwa ikinipiga machoni tangu ngazi ya kwanza. Kila usiku nikishuka kwa kupapasa ukuta, nikisema moyoni, leo nami nitaanguka kama alivyoanguka mamake Famau."

Bwana Famau akainua macho. "Mbona hukuniambia?"

"Nikwambieje?" akasema ajuza. "Mtu amemwashia mama yake marehemu taa, anaombewa dua na mji mzima, nami nimwendee nimwambie inanipofusha?" Akamgusa bega, akaendelea kushuka, na hakuikosa hata ngazi moja.

Bwana Famau alibaki pale mpaka mtu wa mwisho alipopita.

Ilipokwisha Idi, nguzo za ufukweni ziling'olewa, na vioo vikauzwa. Penye ngazi palijengwa vijumba vidogo vya mawe, kila kimoja kimo cha goti, na ndani yake kandili yenye kofia ya bati, mwanga usiwe na njia ila kuangukia mahali pa kukanyaga. Wenye nyumba zinazotazama bahari walikubaliana wenyewe kufunga madirisha jioni za kuangalia mwezi. Msimu uliofuata Mzee Kale alipanda mtama wake bila ya kumuuliza mtu. Na wageni waliofika Ungamo hawakuzungumza tena juu ya taa zake, kwa kuwa taa inayomulika miguu haionekani kutoka mbali.

Funzo: Nuru ni amana. Mwenye kuitoa kwa ajili ya wenzake huimulika pale wanapokanyaga, akawaachia wote mbingu yao. Na mwenye kuitandaza hata isipohitajika huweza kuwapofusha wale wale anaowahurumia.