Uzi wa Kanga Kuukuu

Sogeeni, sogeeni mkekani! Semeni "ije," niilete!

Bi Mwanakombo alikuwa fundi wa kushona. Kesho mjukuu wake angetimiza siku arobaini na kutolewa nje, na bibi alikuwa akimshonea blanketi la viraka vya kanga. Akatunga uzi mwekundu. "Majirani wauone!"

Wa kwanza kuuona ni zimwi. Likaingiza dirishani mkono mrefu kama mnazi. "Uzi nikiuona, nauvuta! Na mtoto akitoka kesho bila blanketi, ni wangu!" Vuuu! Viraka chini.

Bibi akashona upya kwa uzi mweupe. Zimwi likauona. Vuuu! Viraka chini.

"Mama, rangi za nyuzi zimekwisha!" alilia binti yake, Mwanaheri, akimkumbatia mwanawe.

"Hazijaisha!" Bibi akafungua kasha, akatoa kanga aliyombebea Mwanaheri mgongoni alipokuwa mchanga. Ilikuwa imepauka, rangi yake haitajiki. Akachomoa nyuzi zake, akashona. Uzi ukazama kwenye viraka kama maji mchangani.

Zimwi likakodoa macho, likapapasa. "Uko wapi? Uko wapi? Uko wapi?" Lilikuwa bado linapapasa wakati mtoto alipotolewa nje, kafunikwa blanketi gubigubi, vigelegele juu. Likapasuka kwa hasira!

Ndiyo maana hadi leo mtoto akisinzia hufinyafinya shuka kwa vidole. Anautafuta uzi wa bibi yake. Na yeye, jamani, huupata!