Meya Aliyefungua Lango la Mto

Ndugu zangu, leo nawapeleka mbali kidogo. Katika mji mmoja wa Ufaransa, uliojengwa kandokando ya mto, alikuwako meya aliyekaa madarakani hadi watu wakasahau nani alimtangulia. Alikuwa mtoto wa mwoka mikate. Aliingia ofisini na nywele nyeusi, zikaota mvi akiwa humohumo. Kule meya ndiye anayefungisha ndoa za serikali, basi yeye alishawaoza wazazi, na baadaye akawaoza watoto wao. Alijenga hospitali, akajenga soko.

Lakini mtaa wa bondeni haukumtaka kabisa. Zamani kiwanda chao cha nguo kilifungwa, nao wakaamini meya hakuwapigania. Huenda walikuwa na haki. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na uhakika. Kila uchaguzi walimnyima kura, na kila uchaguzi aliokolewa na mtaa wa kanisa kuu, wenye maduka na nyumba za ghorofa. Yeye pia alikaa huko.

Mwaka mmoja, uchaguzi ukiwa karibu, mvua ilinyesha bila kukatika na mto ukafura. Mhandisi wa mji akaingia ofisini kwa meya, viatu vimejaa matope.

"Mheshimiwa, ukuta wa bondeni hautahimili. Tukifungua lango la mfereji wa zamani, maji yatapungua nguvu. Ila yataingia mtaa wa kanisa kuu."

Naibu wake akaruka kitini. "Mheshimiwa, uchaguzi ni mwezi ujao! Wale wa bondeni wamekupa nini tangu uwajue? Unawazamisha watu wako kwa ajili ya watu wasiokutaka?"

Meya akamgeukia mhandisi. "Mtaa wa kanisa, watu watakufa?"

"Hapana. Watapanda ghorofani. Wataharibikiwa na maduka, na samani."

"Na bondeni?"

"Kule hakuna ghorofa, mheshimiwa. Na wengi ni wazee."

Haya, wewe ungefanya nini? Usinijibu harakaharaka kwa sababu tuko kanisani. Hao waliokuweka kwenye kiti, ungewapelekea maji wewe mwenyewe, kwa mkono wako?

Meya alijua duka lipi litaharibika na ni la nani. Alijua mkewe yuko nyumbani, chini, anapika. Akampigia simu, akamwambia, "Mke wangu, panda juu. Chukua unachoweza." Kisha akasema, "Fungueni."

Maji yakaingia madukani hadi kiunoni. Hakuna aliyekufa mjini. Lakini wenye maduka, waliokuwa wakimwamkia kwa kuvua kofia, sasa walivuka barabara wakimwona anakuja. Hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Uchaguzi ukafika, na meya akaanguka vibaya. Siku ya pili alikuwa ofisini akifungasha vitu vyake, naibu akaingia kwa hasira.

"Mtaa wa kanisa nawaelewa. Lakini bondeni! Umewaokoa roho zao, na bado wamempigia mpinzani wako, kama kawaida yao!"

"Walijitokeza kupiga kura?"

"Walijitokeza! Wengi kuliko mwaka wowote. Hata vikongwe waliletwa wameshikwa mikono!"

Mzee akaweka sanduku chini. Kwa mara ya kwanza tangu mvua zile, akacheka.

"Basi wote wako hai," akasema. Akavaa koti lake, akaenda nyumbani.

Ndugu zangu, sisi tunasaidia, halafu tunasimama mlangoni kungoja shukrani. Tunamlipia mtoto wa ndugu ada, asipopiga simu Krismasi, tunasema, "Sisaidii tena mtu!" Tunampelekea jirani uji akiwa mgonjwa, akipona asipotusalimu tunamtangaza kijiji kizima. Hivi tulitaka apone, au tulitaka atusalimu? Tuulizane kweli.

Mungu ametuamsha leo sote humu, hata yule ambaye jana hakumkumbuka kabisa. Hakuuliza kwanza nani yuko upande wake.

Basi ukitoka hapa, yuko mtu unayemjua, hakupendi, na ana shida unayoiweza. Nenda kwake. Na akifunga mlango bila kusema asante, wewe mshukuru Mungu kwamba ana nguvu za kuufunga.