Mbegu ya Mashine na Majina ya Wandeme

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana kompyuta zilikwisha panda mlimani na mtandao ulishika ukisimama juu ya jiwe, waliishi mwalimu Nakijwa na bibi yake, Namkunda. Sogeeni karibu, hadithi hii haipendi kelele.

Bibi Namkunda ndiye pekee aliyebaki akiyajua majina ya wafu wa ukoo wa Wandeme, majina arobaini na moja. Na Wandeme walikuwa na miiko miwili. Anayeyajua huyataja yote mara moja tu maishani, kwa sababu wakitajwa huja. Na anayeyapoteza hutoa jina lake mwenyewe: haitwi tena na mtu, si nyumbani si njiani, mpaka asahauliwe.

"Mjukuu wangu," Bibi akasema huku akikohoa, "kifua kinanibana. Njoo uyasikie."

"Nitayarekodi kwenye kompyuta, Bibi."

Lakini kompyuta ilikuwa imejaa. Imejaa mitihani ya darasa la nne, imejaa video ya harusi ya Nakijwa, saa sita nzima, na ndoa yenyewe ilikwisha vunjika. Akaitwa Sekiete, fundi wa redio na simu pale sokoni.

"Futa hiyo video," Sekiete akasema.

"Tafuta nafasi kwingine," Nakijwa akajibu, akaangalia pembeni.

Sekiete akapekua, akapata. "Kuna sehemu imejificha humu. Walioiunda mashine waliiweka iwe mbegu. Siku ikiugua, hujitibu kwa hiyo. Lakini mashine yako ni nzima, mwalimu. Nikiiondoa, nafasi itatosha."

Bibi alikuwa anaota moto. Akainua kichwa. "Mbegu hailiwi," akasema. Maana kila dari la Wandeme lina kibuyu cha mbegu kisichoguswa hata mwaka wa njaa.

"Nitaihamishia kwenye flashi kwanza, Bibi. Flashi nimeiacha kibandani."

"Kaichukue."

Mvua inanyesha, na kibanda kiko mbali. Sekiete akaiondoa mbegu hivyo hivyo, akanong'ona, "Mbegu nyingine ya kuirudishia nitaileta kesho." Nakijwa aliona, wala hakumwambia Bibi.

Mchana ule ukungu ukashuka mpaka kizingitini. Bibi akataja jina, akanyamaza kidogo. Akataja, akanyamaza. Mara arobaini na moja. Nakijwa alidhani anavuta pumzi, na hata majina hakuyashika. Si mashine ilikuwa inasikiliza? Kuku nao walikuwa wamekusanyika chini ya meza, wametulia tuli.

"Wamefika wote," Bibi akasema, akaomba chai.

"Tuyanakili mahali pa pili," Sekiete akashauri.

"Wafu hawakai nyumba mbili," Bibi akakataza.

Kesho ikapita, na kesho kutwa ikapita. Sekiete hakuonekana. Bibi akafa.

Siku ya kuanua matanga, ukoo wote ukakaa uani kuyasikia majina. Nakijwa akaiwasha kompyuta. Umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Mashine ikawa giza. Umeme uliporudi, mashine haikuwaka. Sekiete akaitwa, akaja mbio, akajaribu kuopoa yaliyomo, diski ikakataa.

"Ingekuwa na mbegu yake ingejitibu," akasema, jasho likimtoka. "Sasa sina budi kuipanda upya. Kila kitu kitafutika."

Wazee wakaitikia. Ikapandwa upya. Ikawaka, tupu kabisa. Harusi haimo, na Nakijwa hakuiulizia. Palikuwa na kitu kimoja tu, sauti iliyorekodiwa, ambayo hakuna aliyeiweka. Sekiete akaifungua.

Kimya. Kisha mtu akasema, "Nipo." Kimya. Sauti nyingine, ya mzee sana: "Nipo." Kimya. Sauti ya mtoto: "Nipo." Kila palipokuwa na jina palikuwa na kimya, na kila Bibi aliponyamaza mtu aliitika. Wandeme wakahesabu kwa vidole. Waliitika arobaini na wawili, na wa mwisho alikohoa kwanza, kikohozi ambacho Nakijwa alikijua toka utotoni.

"Wamekuja na hatujui tuwaiteje," mzee wa ukoo akasema. "Aliyeyapoteza atoe jina lake."

Sekiete akasema, "Mbegu niliiondoa mimi, lakini mwalimu angefuta harusi iliyokufa, ingekuwapo. Nilitaka kunakili, nikakatazwa. Ni mimi?"

Nakijwa akasema, "Nilipenda video yangu, kweli, na masikio yangu niliyaachia mashine. Lakini mimi ningejua nini? Fundi alijua hatari, akaogopa mvua. Ni mimi?"

"Na Bibi?" mtu akauliza kutoka nyuma. "Si yeye aliyekataza nyumba ya pili?"

Wote walijua kwamba jina la Namkunda likitolewa, hapana atakayemtaja tena, naye amekwisha kuja bila kuitwa. Nakijwa akaifunga kompyuta, akachomoa waya, akaiweka mezani. Wote wakaitazama. Mle ndani mtu akakohoa taratibu, kama anayesubiri zamu yake.

Haya, nanyi mliosikia, msiniangalie mimi. Jina la nani litolewe: la mwalimu, la fundi, au la yule aliyekwisha itika?