Kindi Aliyeelekeza Watu Kwenye Nyimbo za Wizi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na mahakama yao, aliishi Kwale, mjane mwenye sauti tamu. Alitunga nyimbo, akaziimba uani kwake. Aliyetaka kusikiliza alileta konzi ya mtama, na mtama huo ndio uliowalisha vifaranga wake.

Jirani yake Fisi alifuga Kasuku. Kasuku akisikia wimbo mara moja, anauimba vilevile, neno kwa neno. Basi Fisi akamficha nyuma ya ua wa Kwale mpaka akazishika nyimbo zote. Kisha akampeleka pangoni kwake, akawa anakaribisha wasikilizaji kwa mtama kidogo tu.

Lakini pango lilikuwa vichakani, hakuna aliyelijua. Ndipo Kindi akakaa njia panda.

"Mnatafuta nyimbo za Kwale?" aliwauliza wapita njia. "Ziko mahali pengine kwa bei nafuu zaidi. Fuateni mkia wangu unakoelekea."

Kila jioni Fisi alimletea karanga.

Ua wa Kwale ukabaki mtupu. Vifaranga wakaanza kulala na njaa, na yule mdogo kabisa akawa hawezi hata kusimama. Kwale akaenda kushtaki kwa Simba. Fisi aliposikia, akatoroka na Kasuku wake. Akabaki Kindi.

Siku ya kesi, Simba alisema, "Mama Kwale, sheria unaijua. Ukimshtaki mwenzio bure, unahama msitu huu, wewe na wanao."

"Naijua, mheshimiwa."

Kindi akasimama, mkia juu. "Mheshimiwa, mimi sijaiba wimbo. Sijaimba. Pangoni sijaingia hata siku moja. Nilionyesha njia tu. Mtu akiniuliza mto uko wapi, nikamwelekeza, akaenda akazama, kosa langu ni lipi?"

Nyati, mshauri wa Simba, akatikisa pembe. "Hapo amesema kweli."

"Ulijua kwamba nyimbo zile ni za wizi?" Simba akauliza.

"Ningejuaje, mheshimiwa? Nilidhani Kwale na Fisi wamepatana."

Simba akamgeukia Kwale. "Una neno la mwisho?"

"Nina swali. Ndugu Kindi, wageni uliwapitisha wapi?"

"Kule kwenye miiba, nyuma ya kichuguu."

"Lakini njia fupi inapita mlangoni kwangu. Ni pana, haina mwiba. Mbona hukuwapitisha hapo?"

"Hapo ungewaona," Kindi akajibu upesi, kama alivyozoea.

Kisha akafumba mdomo. Mkia wake ukashuka polepole.

"Kama mimi na Fisi tulikuwa tumepatana," Kwale akasema, "kwa nini nisiwaone?"



Simba akaamuru karanga zote ambazo Fisi alimlipa Kindi zipelekwe kwa vifaranga, na Kindi akafukuzwa njia panda mbele ya wote.

Basi wanangu, anayeelekeza watu kwenye mali ya wizi, huku anajua na anafaidika, naye ameiba.