Bi Pimbi na Kiti cha Mbele

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na mashemeji, masufuria na vikao visivyokwisha, palikuwa na kijiji bondeni, kando ya mto. Wewe huko nyuma, acha kumfinya mwenzako, sikiliza!

Kijijini hapo aliishi Bi Pimbi na wanawe wadogo. Alikuwa mdogo yule, ukimtia kapuni humwoni tena! Ghala la mtama la kijiji kizima, kila mmoja na magunia yake humo, lilijengwa ukingoni kabisa mwa mto. Mtama huo ndio wa kuwalisha wote mpaka mavuno, na hapakuwa na mwingine.

Sasa Bi Pimbi alikuwa na tabia ya kuchunguza. Alichomeka vijiti ukingoni, na kila asubuhi akienda kutazama maji yamefika kijiti gani. Asubuhi moja akakuta vijiti vyote vimezama. Pembeni, siafu wamebeba mayai yao, wanapanda kilima mbio mbio. Moyo ukamfanya pa!

Akakimbilia kikaoni kwa wakubwa.

"Hodi, wazee! Mto unafurika! Tuupeleke mtama kilimani, leo hii!"

Mzee Tembo akapiga masikio, fwa, fwa. "Mjukuu wangu, jambo lako ni zito. Tutaunda kamati."

"Kamati itafanya nini, babu?"

"Itapendekeza kamati ndogo."

Bwana Kiboko akacheka, ho ho ho! "Mafuriko? Mimi majini ndiko kwetu!"

"Na mtama wako, mjomba, nao unajua kuogelea?"

"Huyu ana mdomo!" akafoka Bwana Nyati. "Na chai yenyewe haijaletwa!"

Bi Pimbi akatoka nje, machozi yanamlenga. Gunia moja tu alikuwa hawezi hata kulitikisa. Wanawe wangekula nini?

Akakaa, akawaza. Mara akaanza kucheka peke yake, kwi kwi kwi!

Maana wakubwa wale walikuwa na desturi yao. Kikaoni, aliyeleta chakula kingi kuliko wenzake ndiye aliyekalia kiti cha mbele. Na kiti hicho, jamani! Tembo na Nyati walishawahi kununiana msimu mzima kwa ajili yake.

Akamsubiri Mzee Tembo njiani. "Babu, mimi sisemi kitu, lakini kikao cha mafuriko ni mchana huu, juu kilimani. Nasikia Bwana Kiboko anakuja na magunia mawili."

"Mawili? Basi mimi matatu! Na kiti nakibeba mwenyewe, asije akakiwahi!"

Huyoo, mbio kwa Kiboko. "Mjomba, Mzee Tembo anapakia matatu."

"Ng'o! Mimi nabeba yangu yote!"

Mbio kwa Nyati. "Shemeji, wenzako wanamaliza ghala."

"Ati nini? Leteni kamba! Nabeba yangu, na ya Bi Kobe, na yako wewe, na ya kila asiye na mgongo! Leo nakaa mbele!"

Basi wakapanda kilima. Puu! Puu! Puu! Jasho linawatiririka, pumzi zinawaishia. Wake zao na watoto na vijiji vizima vya panya wakafuata nyuma, maana nani abaki nyumbani chakula kikiondoka?

Kule juu ugomvi ukaanza.

"Mimi ndiye wa mbele!"

"Wewe? Gunia lako lina tobo!"

"Tobo liko kichwani mwako!"

Vuuuuu!

Wote wakageuka. Mto ulikuwa umeruka kingo zake, unalijaza bonde. Ghala likayumba, kwaa! Likang'oka na paa lake, likaenda na maji.

Hata Kiboko akarudi nyuma hatua mbili.

Mzee Tembo akamgeukia Bi Pimbi, aliyekaa juu ya gunia na wanawe, wanatafuna mtama.

"Mjukuu wangu, kikao hiki nani alikiitisha?"

"Mimi, babu."

"Ajenda ilikuwa nini?"

"Kuhamisha mtama. Naona tumeshamaliza."

Tembo akamtazama. Akatazama magunia. Kisha akaangua kicheko, akacheka mpaka akashika mti asianguke. Nyati naye akacheka, Kiboko akagaagaa chini, kilima kizima ha ha ha!

"Umetuweza!" Tembo akasema, akimletea kiti. "Kaa wewe mbele. Umekistahili."

"Asante, babu." Bi Pimbi akakizunguka kile kiti, akakigonga gonga. "Mkavu huu mti. Shemeji Nyati, nivunjie! Kuni zetu zimekwenda na maji, na watoto wana njaa."

Kraa! Nyati akakivunja. Wakapika uji wa mtama, wakanywa wote, wakubwa kwa wadogo, wameketi chini.

Nanyi wanangu, mkiiona hatari inakuja, hameni kwanza, kiti mtakigombania baadaye.