Ndoo ya Aikande

Usisifu kazi kabla hujaiona ndoo. Mmeyasikia maneno hayo leo harusini, mkacheka, sasa mnataka kujua yametoka wapi. Haya, sogeeni. Yalianzia kwenye mfereji wetu huu huu, kwa fundi mmoja aliyeitwa Aikande.

Aikande alitengeneza vibao vya umeme vya mashine za kutotolea vifaranga. Alinunua kibao kilichofunikwa shaba, akachora njia za umeme kwa rangi, kisha akakitumbukiza kwenye dawa kali iliyokula shaba yote isiyochorwa. Shaba nyingi iliishia kuwa maji ya kijani. Maji hayo aliyamwaga shimoni nyuma ya karakana, yakapenya hadi mferejini, na maharage ya majirani wa chini yakanyauka. Wazee wa mfereji wakamfungia karakana. Aikande alilia, maana hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda. Kisha akafuta machozi, akaapa kwamba ataifungua tena karakana yake.

Akaenda mjini kujifunza kuchapa vibao kwa wino. Huko waliweka wino wenye madini ya fedha juu ya karatasi ngumu, pale tu umeme unapopita. Hakuna shaba ya kuliwa wala dawa ya kumwaga. Akarudi nyumbani, akajaribu, akaharibu, akajaribu tena, mpaka mashine ikatotoa.

Siku ya kuzibua mfereji ikafika. Desturi yetu ni kwamba kila nyumba huzoa tope la kipande chake kwa ndoo na kulimwaga mbele ya wazee walikague. Lakini siku hiyo Mzee Ndekirwa, msimamizi wa mfereji, hakungoja tope. Alikigeuzageuza kibao cha karatasi alichokuja nacho Aikande, akafurahi kama mtoto.

"Hiki hakina sumu hata tone! Binti yangu, kafungue karakana yako."

Vigelegele vikapigwa. Aikande akainama kutazama ndoo yake. Juu ya tope palitanda utando wa kijivu unaong'aa. Akaelewa papo hapo: kila jioni alikuwa akisuuza mferejini fremu ya kupitishia wino, akidhani wino ni wino tu, kumbe ile fedha ilibaki topeni. Aibu ikamshika. Angeimwaga kando, nani angejua?

"Mzee, subiri. Ndoo yangu hamjaitazama."

"Ya nini tena, mwanangu? Ruhusa umeshapata. Unajitia kitanzi mwenyewe?"

"Maji haya wanayanywa watoto wa huko chini. Tazameni kwanza."

Wakatazama. Vigelegele vikakatika, na ruhusa ikafutwa pale pale.

Aikande hakurudi nyuma. Aliacha kusuuza, akawa anafuta fremu kwa matambara, akayakusanya kwenye pipa na kuyapeleka kwa watu wanaoyeyusha madini. Vibao vilivyokufa aliwadai wateja waliomjaribia wamrudishie, maana navyo vilikuwa na fedha ndani. Uzibuaji uliofuata, kibao alikiacha nyumbani. Alikuja na ndoo tu, akaimwaga: tope jeusi, na nyungunyungu mmoja akijinyonganyonga ndani yake.

Mzee Ndekirwa akachutama, akalivuruga kwa kidole, akanusa. Akampa ruhusa bila hata kuuliza kibao kiko wapi.

Basi fundi yeyote akija hapa kutuonyesha kazi yake nzuri, tunamkaribisha, tunampa kiti, kisha tunamwambia: usisifu kazi kabla hujaiona ndoo.